Ukuta wa Unyofuni

Namna Mwalimu Ambakisye alivyofika Unyofuni si jambo la kutupotezea muda. Alipanda, akashuka, akachoka, akafika. Wasafiri wote ndivyo wanavyofika. Lililo muhimu ni kwamba alikwenda kwa hiari yake, viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa, na ana shauku ya bwana harusi. Kwao, kwenye shule moja ya sekondari ya nyanda za juu, alikuwa mwalimu wa hesabu na pia mwalimu wa nidhamu, na kati ya kazi hizo mbili ile ya pili ndiyo aliyoipenda kwa dhati. Alikuwa amesikia kwamba Unyofuni kuna shule isiyo na mtoro, isiyo na kelele, isiyo na mwanafunzi hata mmoja aliyetoa shati nje. Akasikia pia kwamba mwalimu mgeni akikaa hapo hadi Kikao cha Kanuni bila kukosea lolote, huvishwa Nishani ya Unyofu. Bodi ya shule yake ilimwambia waziwazi: rudi na nishani hiyo, ukuu wa shule ni wako. Basi mtu wa watu alikuwa na sababu zake.

Aliyempokea getini ni mkuu wa shule, Bi Rehani, mama mnene wa sauti ya chini, anayeongea kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. Hakumpeleka ofisini. Hakumpa hata maji. Alimpeleka kwanza kuuona Ukuta.

Na kweli ulikuwa ukuta. Ulianzia getini, ukazunguka uwanja wa paredi, ukapita nyuma ya mabweni, ukarudi getini ukiwa umepanda juu zaidi. Kila jiwe limechongwa kanuni moja, na kila kanuni ina jina la mtu.

"Hawa ndio waasisi wa shule?" Ambakisye akauliza, akivua kofia.

"Hapana, mwalimu. Ni wakosaji." Bi Rehani alipapasa jiwe moja kwa kiganja. "Sisi hatutungi kanuni hewani. Mtoto akifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa, tunalitazama. Likitutia wasiwasi, tunaliita kosa, na kosa tunalipa jina la aliyelianza."

Ambakisye akasoma. Kanuni ya Bahame: mwanafunzi asishike kalamu kabla mwalimu hajatamka neno kalamu. Kanuni ya Tamali: mwanafunzi asikae kivulini. Ndiyo maana, akaambiwa, miti yote ya shule ilikatwa, ili mtoto asishawishike. Kanuni ya Hobo: soksi zifike magotini. Na chini yake kidogo, Kanuni ya Zuhura: magoti yaonekane. Hizo mbili ziliwahi kuleta tabu kubwa, hadi ikaamuliwa kuwe na kengele ya soksi. Ikigongwa asubuhi zinapanda, ikigongwa mchana zinashuka, na shule nzima huinama kwa pamoja, jambo ambalo Ambakisye alipoliona kwa macho yake lilimtoa machozi ya furaha. Usimcheke. Mtu aliyehangaika na soksi za watoto wa wenzake miaka yote hiyo ana haki ya kulia.

"Na mwenye jina ukutani, anafanywaje?"

"Hafanywi kitu. Hachapwi, hafukuzwi. Sisi si watu wakatili." Bi Rehani akatabasamu. "Ila hafanyi mtihani wa mwisho. Jina likishakaa ukutani haliwezi tena kukaa kwenye cheti."

"Safi sana," alisema Ambakisye, na alikuwa anamaanisha.

Siku zilizofuata alizungushwa madarasani. Aliona masomo ya lazima, yale ambayo mwanafunzi asipoyafaulu hapandi kidato: Kusimama, Kunyamaza, na Kukariri Ukuta. Kunyamaza kulikuwa na karatasi mbili, nadharia na vitendo. Ile ya nadharia ilikuwa ya kujibu kwa mdomo, na kila aliyejibu alifeli. Alipelekwa maabara ya kemia, ambayo ilifungwa tangu zamani baada ya mtoto mmoja kuvunja chupa. Wanafunzi walijipanga mlangoni, wakainamisha vichwa, wakataja kanuni za kusimama mbele ya maabara, wakaondoka mguu kwa mguu. Mtihani wa kemia uliuliza hizo hizo.

Ambakisye alikuwa anaandika kila kitu. Lakini kipindi cha hesabu kilianza kumkereketa. Alikaa nyuma kwenye darasa la Kidato cha Nne akisubiri. Mwalimu aliingia, watoto wakasimama, wakataja kanuni za kuingia kwa mwalimu, wakaketi, wakataja kanuni za kuketi, wakafungua madaftari, wakataja kanuni za daftari wazi, na kengele ikagongwa. Kesho yake ikawa vile vile. Keshokutwa, vile vile. Ubaoni hapakuwa na tarakimu hata ya dawa. Lo! Mwalimu wa hesabu asiyeiona hata namba moja kwa siku zote hizo huanza kuhisi njaa fulani hivi ambayo wali hauishibishi.

Na ndipo, siku hiyo ya tatu, kengele ilipokuwa inakaribia kugongwa, msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono na kuuliza jambo. Ambakisye hakulisikia vizuri kule nyuma. Aliona tu darasa zima limeganda, na mwalimu amekaa chini kama aliyekatwa miguu.

"Aliuliza nini?" akamuuliza Bi Rehani jioni ile.

"Siwezi kulitaja, mwalimu. Mpaka litajwe kwenye Kikao." Bi Rehani alikuwa amepoteza rangi. "Ni Sikuzani. Mwanafunzi wetu bora. Anaukariri Ukuta kuanzia juu hadi chini, na kuanzia chini hadi juu."

Wanafunzi wa Kidato cha Nne walikuwa na zamu ya kupiga deki nyumba ya wageni, na zamu ya asubuhi iliyofuata ilimwangukia Sikuzani. Alikuwa binti mwembamba, mrefu, mwenye paji pana la uso. Alipiga deki hadi kona ya mwisho, akakamua tambara, akalianika, ndipo akasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye uliyeuliza?"

"Ndiye mimi."

"Uliuliza nini hasa?"

"Niliuliza, hesabu zenyewe tutaanza lini."

Ambakisye alikohoa kidogo. Swali lile lilikuwa limemkaa kooni tangu juzi.

"Kwani wewe unazitakia nini hesabu?" akauliza, kwa ile sauti yake ya ofisi ya nidhamu. Sauti ikizoea kazi, haikubali kustaafu upesi.

Sikuzani akamweleza, hakuzunguka. Kijiji chao kiko ng'ambo ya mto, na daraja la mto huo huanguka kila likijengwa, kwa sababu wajenzi hukata magogo kwa kukisia, na mafundi wote wana vyeti vizuri vya Kusimama na Kunyamaza. Kila likianguka, wakubwa hutunga kanuni. Kwanza walikataza watu kupita mbio. Kisha wakakataza kupita na mizigo. Kisha kupita wawili wawili. Sasa wamekataza kupita. "Mvua za mwaka jana, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kujifungua. Zahanati iko huku. Walimbeba wakazunguka naye milimani. Hawakufika." Akalinyoosha tambara lililoanikwa. "Kuna Chuo cha Madaraja. Huko wana kamba za kupimia, na wana mbao. Nimewaona wakipima mto kwa vijiti, bila kuuvuka. Lakini hawampokei asiye na cheti cha mtihani wa mwisho."

"Basi, mwanangu, utakwenda vipi na jina lako liko ukutani?" Ambakisye alivuta kiti karibu. Alimwonea huruma kweli, na huruma ya mwalimu wa nidhamu ni ushauri. "Nisikilize. Wakikuuliza kwenye Kikao, sema ulikohoa. Wao wenyewe wanatafuta njia ya kukuachia, nimeiona sura ya Bi Rehani. Pata mtihani kwanza. Mengine utayauliza ukishakuwa mtu mzima."

Sikuzani alimtazama kwa adabu zote.

"Nikisema nilikohoa, mwalimu, hesabu zitaanza lini?"

Akabeba ndoo yake, akatoka.

Sasa sikiliza desturi moja ya watu hawa, maana usipoijua hutaelewa yaliyotokea. Wanaunyofu waliwahi kuteswa sana na umbea, huyu kasema, yule kasikia. Kwa hiyo waliamua kwamba kosa haliwi kosa hadi litamkwe mbele ya Kikao, kwa mdomo wa mkosaji mwenyewe. Anayelitamka kwanza pale ndiye aliyelianza. Yaliyosemwa darasani, njiani au jikoni ni upepo tu. Waliijivunia sana desturi hii. Kila mgeni alielezwa, na Ambakisye pia alielezwa, tena alisaini.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi mkubwa, wanafunzi wote wamesimama, wakubwa wamekaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shabuka, mwenye nyusi nyeupe zilizomfunika macho, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa wa kwanza kufanya jambo lolote, na ndiyo sifa iliyompa kiti. Mezani mbele yake, juu ya kitambaa chekundu, ilikuwa Nishani ya Unyofu. Ambakisye aliwekwa kiti cha heshima karibu nayo kabisa. Aliweza kuuona mng'ao wake bila kugeuza shingo, na aliugeuzia shingo hata hivyo.

Mjadala ulianza kabla Sikuzani hajaitwa, maana wakubwa wa Unyofuni hupenda kujadili jambo wasilolitaja.

"Mimi nasema si kosa," alisema mmoja. "Kitu anachokiulizia kilishaanza zamani."

"Kilianza lini?" akauliza mwenzake.

"Angalia! Nawe unakaribia kuuliza!"

Yule mwenzake akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mzee Shabuka akagonga meza.

"Tuwe na akili, jamani," akasema. "Tuseme kitu hicho kinaanza. Watoto watakifanya. Wakikifanya watakosea, maana hakuna anayefanya asikosee. Kila kosa ni jiwe. Darasa moja tu litatuletea mawe mangapi? Nani ataponda? Nani atachonga? Ukuta utafika wapi? Watoto wetu hawakosei kwa sababu hawajaanza. Hiyo ndiyo hazina ya shule hii."

Wakubwa wakapiga makofi ya heshima, yale ya vidole viwili. Na hapo Ambakisye akaacha kuitazama nishani. Maana hoja ile aliijua. Ilikuwa yake. Kwao, mtoto akiinua mkono kipindi kinakaribia kuisha, yeye humwambia kaa chini, tusiharibu utaratibu. Hakuwahi kuisikia kutoka mdomo wa mtu mwingine, na haikuwa nzuri kuisikia.

"Sikuzani aje," akasema Mzee Shabuka.

Binti akaja mbele. Soksi ziko chini, maana ilikuwa mchana.

Bi Rehani akainuka, akamwinamia. "Mwanangu," akasema kwa sauti yake ile ya wodini, "siku ile kulikuwa na vumbi darasani. Wengi walikohoa. Nawe ulikohoa, sivyo?"

"Hapana, mama. Sikukohoa. Niliuliza."

"Ulikohoa kwa namna ya kuuliza."

"Niliuliza kwa namna ya kuuliza."

Ukumbi ukashusha pumzi. Bi Rehani akarudi kukaa, akapangusa macho kwa upindo wa mtandio. Mzee Shabuka akanyoosha kidole. "Basi, tamka ulichouliza, tukichonge."

Sikuzani alifumba macho, akayafumbua. Alikuwa anatetemeka, usidhani vingine. Shujaa asiyetetemeka ni wa kuchora. Alikuwa anaona Chuo cha Madaraja, kamba zake na mbao zake, vikienda zake. Akajaza kifua pumzi.

"Lakini jamani!" ikasikika sauti. "Hesabu zenyewe mnaanza lini?"

Kila mtu akageuka. Na Ambakisye naye akageuka kumtafuta msemaji, hadi alipogundua kwamba amesimama, na mkono wake uko juu.

Wallahi hakupanga. Ningependa kukwambia alipanga, alikesha akipima sheria za watu wale, lakini ningekuwa nakudanganya. Lilimtoka. Siku zote zile bila namba, na ile hoja yake mwenyewe mdomoni mwa Shabuka, na binti anatetemeka mbele ya watu wazima. Vyote vilikutana kooni, vikatoka pamoja.

Mzee Shabuka ndiye aliyepata kauli kwanza. Alimsukumia Ambakisye gilasi ya maji, na pamoja nayo nishani, inchi chache tu.

"Mgeni wetu amekohoa," akasema taratibu. "Vumbi. Kunywa maji, mwalimu, kisha utuambie kwamba umekohoa, tuendelee na binti."

Ambakisye aliitazama gilasi. Aliitazama nishani. Akaiona ofisi ya mkuu wa shule kule kwao, yenye pazia la bluu na kiti kinachozunguka. Akawaona watoto wake wawili wanaosubiri habari njema, na mke wake ambaye alishawaambia majirani. Aliitaka nishani ile, aliitaka kwa moyo wake wote, na kuitaka huko kulimuuma. Kisha akamtazama Sikuzani, ambaye pumzi ile bado ilikuwa kifuani, hajaitoa.

"Sikukohoa," akasema. "Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimeuliza, na ningependa kujibiwa."

Hakujibiwa. Ilipitishwa papo hapo Kanuni ya Ambakisye: mtu asiulize hesabu zitaanza lini. Nishani ikafunikwa na kile kitambaa chekundu. Na kwa kuwa kosa moja halina waanzilishi wawili, jina la Sikuzani likaachiwa, Kikao kikafungwa, na kufunguliwa kwake, kama ilivyokuwa siku zote, ni muhula ujao, baada ya mitihani.

Ungetegemea binti amshukuru. Alimngojea nje ya ukumbi, macho yamewaka.

"Mwalimu, umenichukulia swali langu."

"Nimekuokoa, binti!"

"Umeniokoa na sasa hakuna anayeruhusiwa kuuliza. Nitafanya mtihani, sawa. Nitajibu kanuni za kusimama mbele ya hesabu. Nitafika Chuoni sijui kitu, na nitajenga daraja kama wenzangu, na litaanguka." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Samahani, mwalimu. Ahsante. Lakini ndivyo ilivyo."

Ambakisye alitakiwa aondoke asubuhi. Alifungasha, akaaga, akafika getini, na miguu ikamkatalia. Akarudi, akaingia Kidato cha Nne kwa mlango wa nyuma, akakaa na mkoba wake mapajani. Ilikuwa kipindi cha hesabu. Walishamaliza kanuni za kuingia na sasa walikuwa wanataja za kuketi.

Sikuzani hakuketi. Alitoka kwenye dawati lake, akaenda ubaoni, akaokota kipande cha chaki ambacho kazi yake kwa miaka yote ilikuwa kulala pale. Akachora mistari miwili iliyolala. "Huu ni mto wa kwetu," akasema. Akaweka alama ng'ambo. "Huu ni mti mkubwa. Siwezi kuvuka kuupima mto. Lakini ninaweza kusimamisha vijiti huku nilipo, nikapima huku, nikaujua upana wote." Akachora pembetatu kubwa, na upande wa huku wa mto akachora ndogo iliyofanana nayo.

"Sikuzani!" mwalimu wa darasa akapiga kelele. "Umeuliza nini?"

"Sijauliza kitu, mwalimu. Naanza."

"Hairuhusiwi!"

"Kanuni ya nani?"

Mwalimu akafungua mdomo. Walikuwa wanaukariri Ukuta wote, yeye na darasa zima, na wote waliupitia vichwani mwao, midomo ikichezacheza, kuanzia getini hadi getini. Kulikuwa na kanuni ya kugusa chaki kwa mkono wenye maji. Kulikuwa na ya kusimama ubaoni kwa mguu mmoja. Ya kuanza haikuwepo. Hakuna aliyewahi.

Bi Rehani aliitwa. Alifika anahema, akasimama mlangoni, akauona ubao.

"Itabidi ipelekwe kwenye Kikao," akasema mwalimu wa darasa.

"Itapelekwa," akakubali Bi Rehani. "Muhula ujao." Alisimama pale muda mrefu. Kisha akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma, na wanafunzi wakamsogelea apate kukaa.

Sikuzani akaandika namba. Urefu wa hatua zake, umbali wa vijiti, akazidisha, akaweka chini, akazidisha tena. Akapiga mstari. Jibu likatoka, na jibu lenyewe lilikuwa mto mpana kuliko wilaya nzima.

Darasa likaganda. Hapo ndipo Unyofuni ilipokuwa inaogopa kufika siku zote. Kosa liko ubaoni, limeandikwa kwa maandishi makubwa, na aliyelifanya amesimama pembeni yake. Mvulana mmoja alianza kunong'ona: "Kanuni ya Sikuzani, mwanafunzi asi..." Ambakisye aliliona kosa tangu mstari wa pili. Alikwishainuka nusu, kidole kimenyooka, neno liko kwenye ulimi. Akajikaza, akakaa chini.

Sikuzani alilitazama jibu lake. Akaikunja shingo huku, akaikunja kule. Hakuharakisha, wala hakumtazama mtu.

"Hapa nimekosea," akasema. "Nimezidisha mahali pa kugawanya."

Akaweka kiganja ubaoni, akafuta, na akaandika tena.